Mume Wangu Mkaguzi na Breki za Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Huu ni mwezi wa tano tangu mume wangu astaafu. Miaka thelathini na moja amekagua magari ya watu. Sasa hana magari, ananikagua mimi.

Leo amekalia kiti cha wateja kwenye chumba changu cha kushonea, miwani puani, akaokota sketi niliyoimaliza, akaigeuza nje ndani. "Mama, mshono wa kushoto umepinda." Umepinda kiasi gani? "Unywele mmoja." Unywele mmoja! Nimemwuliza kama kuna mteja anayevaa sketi kwa rula. Ameandika kitu kwenye kidaftari chake. Juzi alikagua sufuria: mishikio imelegea. Jana kitasa cha choo. Namwita Mkaguzi, mbele yake na nyuma yake, wala haoni kama ni utani. Anaona ni cheo chake.

Lakini leo Mungu amenikumbuka! Mama mwenye shule ya udereva amepiga simu. Anamtaka awe mwalimu. Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, siku sita kwa wiki. Siku sita — nimegeukia ukutani asione meno yangu. Sharti ni moja tu: aje na gari lake, na gari liwe na cheti kipya cha ukaguzi. Ameshapewa miadi, Jumatano ya wiki ijayo, palepale ofisini pake pa zamani.

Chumba changu kitarudi. Nitashona huku redio ikiimba na hakuna mtu wa kunihesabia nyuzi.

(Naandika haya nyuma ya daftari la vipimo, kama siku zote. Mbele viuno vya watu, nyuma mambo yangu. Hakuna anayefungua huku.)

Jumanne, 4 Machi

Makubwa. Tumetoka kununua nyuzi na bitana. Kila akikanyaga breki, kutoka nyuma: krrrrr! Kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria kwa msumari. Amezima redio, ameinamisha kichwa, amesikiliza mpaka uso ukamnawiri. "Pedi za nyuma zimekwisha kabisa. Chuma kwa chuma. Gari hili halipiti!" Alisema kwa furaha ya kazini, hata kidole kilikuwa juu. Ndipo akakumbuka gari ni la nani. Kidole kikashuka.

Nikamwambia, baba, lipeleke gereji. Akaniuliza, gereji ipi? Akaanza kuhesabu kwa vidole. Fundi wa pale mzunguko, Mkaguzi alimkatalia lori mara tatu. Yule wa nyuma ya soko alimwambia mbele ya wateja wake kwamba kazi yake ni hatari kwa binadamu na mifugo. Yule wa karibu na shule alimrudisha siku moja kwa taa ya namba tu, wakati mvua inanyesha. Vidole vikaisha. Hakuna gereji mjini humu ambayo hajawahi kuikatalia kazi, na hakuna fundi asiyemkumbuka. Akionekana amepeleka breki zake mwenyewe, watafunga kazi waje na viti kumtazama.

"Nitabadilisha mwenyewe," akasema. "Hapahapa nyumbani."

Umewahi kubadilisha?

"Nimeona maelfu."

Kuona! Mimi nami nimeona madaktari wengi, lakini sijampasua mtu.

Na tena anayekagua pale ofisini siku hizi ni binti mmoja ambaye Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Alimfundisha asimwonee mtu haya, hata akiwa baba yake mzazi. Kwa bahati mbaya binti alilishika somo.

Alhamisi, 6 Machi

Pedi zimenunuliwa. Nimezinunua mimi. Yeye alibaki garini hatua mia moja kutoka dukani, miwani myeusi machoni, kofia mpaka kwenye nyusi, kama mtu anayesubiri kuiba benki. Muuza vipuri akaniuliza, mbele au nyuma, mama? Nikasema nyuma, kwa sauti ya mtu anayejua.

Nyumbani nimefungua boksi. Pedi nne. Vibao vya chuma, kila kimoja kinaenea kiganjani. Upande mmoja ni laini, umepakwa rangi nyeusi nzuri na una namba. Upande wa pili umegandishiwa kitu kinene cha kukwaruza, kama ile gamu ngumu tunayotia ndani ya kola. Nimekwangua kwa kucha. Kitu imara.

Saa tisa alasiri Mkaguzi akavaa ovaroli mpya (mpya! bado ina mistari ya pasi), akapiga magoti nyuma ya gari aweke jeki. Akabaki hapohapo.

"Baba?"

"Nipo."

"Inuka basi."

"Nisaidie, mama."

Mgongo! Tulisahau mgongo wote wawili. Daktari alimkataza kuinama na kunyanyua tangu mwaka jana. Nimemwinua kidogo kidogo kama kitanda cha spring, nikamketisha. Amekaa akihema, ameangalia gari, ameniangalia mimi. "Basi," akasema, "mimi nitakuelekeza."

Hivyo ndivyo kazi ilivyohama, bila kikao. Nilitaka kukataa. Nikakumbuka: siku sita kwa wiki.

Ijumaa, 7 Machi

Kwanza nimeanika mashuka yote ya nyumba hii kwenye kamba, ili jirani asione. Jirani yetu wa ukutani tunamwita Redio, kwa sababu habari ikimfikia saa moja, saa mbili mtaa mzima unayo. Mashuka hayakusaidia. Ameita kutoka kwake: "Mama, mashuka yote hayo, kuna mgonjwa?" Nikasema ndiyo, kuna mgonjwa. Si uongo mkubwa. Gari linaumwa.

Tumeanza. Yaani nimeanza. Yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki na ubao wa kuandikia mapajani. Ameagiza mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, gari likae kwenye magogo na si jeki peke yake. Hapo nampa haki yake, alisema kweli. Baada ya hapo ujuzi ukaisha. Mume wangu anajua jina la kila kosa chini ya gari, ila hajui dawa ya hata moja. Nikimwuliza bolti hii inafunguliwa upande gani, ananijibu kwamba ikilegea ni kosa la daraja la pili. Nikimwuliza huu mpira ni wa nini, anasema usipasuke. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu hata wembe hajawahi kushika!

Nimetoa gurudumu la kushoto. Nati nne nimezisimamia juu ya spana kwa miguu yote miwili, kilo zangu themanini na mbili zimepata kazi hatimaye. Ndani kuna diski, sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu. Imebanwa na kitu kinaitwa kalipa, kama kibanio kinavyobana nguo kwenye kamba. Pedi zinakaa humo, huku na huku.

Kalipa haitoki. Nimevuta, nimetikisa, nimegonga kwa gogo. Nusu saa! Mkaguzi ananihimiza kutoka kitini, mama usikate tamaa. Halafu nikauliza tu, hivi breki ya mkono inashika magurudumu yapi?

"Ya nyuma," akasema, akiangalia ubao wake.

"Na sasa umeivuta?"

"Kwa kanuni, gari likiinuliwa lazima breki ya mkono iwe imevutwa."

Nimevuta kitu nusu saa, na yeye amekishikilia kwa kanuni! Nimekwenda kuiachia mwenyewe. Kalipa ikatoka kama kofia.

Mara mteja akabisha hodi, amekuja kuangalia blauzi yake nyeupe ya harusi ya dada yake. Nimenawa mara mbili kwa sabuni. Hata hivyo kidole gumba kimebaki pale kwenye kola, cheusi, kamili, kama sahihi ya mtu asiyejua kusoma. Mteja hakuona, niliikunja haraka. Nitakata kola nyingine kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaisahau siku ya leo. Naandika mikono ikinuka mafuta.

Ndani ya kalipa mna pistoni, kipande cha duara cha chuma, ndicho kinachosukuma pedi ibane diski. Pedi za zamani zimeisha mpaka zimebaki kama ganda la embe, kwa hiyo pistoni ilikuwa imetoka nje sana. Pedi mpya ni nene. Lazima pistoni irudi ndani, la sivyo haziingii.

"Sukuma!" akasema Mkaguzi.

Nimesukuma kwa kiganja. Kwa gogo. Kwa kibanio cha seremala nilichoazima kwa kisingizio cha kutengeneza kitanda. Imegoma. Mkaguzi akainuka kitini polepole, akaingia chumbani, nikasikia droo. Nikapaza sauti: "Baba, ukigusa mkasi wangu wa kitambaa, ndoa imekwisha!" Droo ikafungwa. Miaka thelathini na nne ya ndoa, anajua lini sitanii.

Basi nikaacha kusukuma, nikaitazama. Usoni mwake pistoni ina mapengo mawili, moja huku na moja kule. Miaka yote nimefungua na kufunga cherehani, na nimejifunza jambo moja: kitu chenye mapengo mawili hakitaki kusukumwa. Kinataka kuzungushwa. Nikachukua koleo yenye mdomo mrefu, nikaingiza ncha kwenye mapengo, nikazungusha kulia. Ikaingia! Taratibu, kama skrubu. Nikapiga kelele ya furaha.

"Mgonjwa amepona?" Redio akauliza ng'ambo ya ukuta.

Gurudumu la kulia nalo hivyo hivyo. Sasa ikabaki kuweka pedi. Nimeshika ya kwanza, nimeipima. Upande mmoja laini, wa rangi, wenye namba. Upande mwingine wa kukwaruza. Na diski yenyewe ni laini, inang'aa. Fundi gani wa nguo atauliza hapo? Ukiunganisha vipande viwili unaweka uso kwa uso, laini kwa laini, mabaya yanabaki nje. Nimeweka uso kwa uso. Magurudumu yote mawili, bila wasiwasi wowote. Mkaguzi akafunga kioo changu cha wateja kwenye mpini wa fagio, akachungulia chini kutoka kitini, akaweka tiki. "Pedi zipo. Nne. Zimekaa." Kwenye fomu yake hakuna swali la zimeangalia wapi.

Nimerudisha magurudumu. Akasema kuendesha ni kazi yake. Akaingia, akawasha, akarudi nyuma kidogo tu, uani palepale. Uwanja wetu una mteremko. Akakanyaga breki.

"Kanyagio limezama!" akapiga kelele. "Limezama mpaka chini! Halipiti! Halipiti!" Na gari huku linarudi! Mtu gari linamkimbia, yeye anatangaza matokeo! Nikapiga kelele kanyaga tena. Akakanyaga tena, na safari hii likashika, kwa mlio ambao sijawahi kuusikia maishani. Kiiiiiii! Mbwa wa mtaa mzima wamejibu. Gari likasimama taratibu juu ya pipa la maji, pipa likaanguka juu ya mashuka, na mashuka yakaanguka yote.

Nyuma ya mashuka kulikuwa na kichwa cha Redio juu ya ukuta.

Ameangalia gari, ameangalia Mkaguzi ndani ya ovaroli yake safi, ameniangalia mimi nimeshika spana, nimelowa mpaka magotini. "Kumbe baba anatengeneza gari mwenyewe! Hongera! Wanaume kama wewe wamekwisha. Na mama anakupa spana!"

Nikasubiri amsahihishe.

"Ah," akasema mume wangu, "tunajitahidi."

Tunajitahidi! Nimeokota mashuka.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka na wazo baya. Kola. Kola unashona uso kwa uso, ndiyo, lakini baadaye unaigeuza. Mimi zile pedi sikuzigeuza.

Nimetoa gurudumu kabla hajaamka. Nimetoa pedi. Ile rangi nzuri imekwanguliwa yote, chuma kinaonekana, na diski ina mikwaruzo mipya. Mle kwenye kile kitu cha kukwaruza, ambacho ndicho breki yenyewe, pistoni imepiga muhuri wa duara. Nilikuwa nimefunga chuma kwa chuma! Zilezile breki alizozikataa Jumanne, nimemtengenezea upya kwa pedi mpya. Nimeona aibu mpaka masikioni.

Amekuja na chai, akanikuta nimekaa chini. Nikamwambia yote. Kwamba ni mimi. Kwamba ni kushona ndiko kumeniponza, uso kwa uso.

Nikajua sasa anachukua ubao aandike. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. "Uso... kwa uso," akasema, na chai ikamwagika. Amecheka mpaka ameshika mgongo, amelia aisee mgongo, amecheka tena. Sijamsikia akicheka hivyo tangu astaafu. Nami nikaanza. Tumecheka kama wehu, mmoja kitini, mwingine kwenye vumbi, gari likiwa juu ya magogo limenyanyua mguu kama mbwa.

Alipofuta machozi akasema jambo. Kwamba na yeye alichungulia kwa kioo na hakuona. Kwamba miaka thelathini na moja hajawahi kufungua gurudumu hata moja, na kila fundi alipomkazia macho, aliogopa atamwambia haya, shika spana wewe unionyeshe. "Ndiyo maana nilikuwa mkali," akasema. Nimempangusa chai kwenye ovaroli. Nampenda huyu mtu, na bado nataka aende kazini siku sita kwa wiki.

Jumatatu, 10 Machi

Zimekaa! Mkwaruzo kwa diski, laini nje. Nimeziingiza, nimefunga, na kabla gari halijasogea nimekanyaga breki mara kumi, mpaka kanyagio likawa gumu kama meza. (Hili la kukanyaga kwanza nimeligundua mwenyewe. Pistoni zilikuwa zimerudi ndani, lazima zitoke tena kuifuata pedi. Kumbe Jumamosi pipa langu lingepona.)

Tumezunguka mtaa mara nne. Kimya. Linasimama kama linaomba radhi. Mkaguzi ametafuta kosa, amekosa, ameonekana kama mtu aliyepoteza funguo. "Safi," akasema mwishowe. Neno hilo sijalisikia kwa sketi hata moja!

Nilikuwa na furaha mpaka saa kumi. Saa kumi akapigiwa simu na mama wa shule ya udereva. Yuko sebuleni, mimi niko kwenye cherehani, mlango wazi. Anamhakikishia gari liko tayari. Nadhani yule mama kamwuliza ametengeneza gereji gani. Naye, kwa ile sauti yake nene: "Nimebadilisha mwenyewe, mama, kwa mikono yangu. Mwalimu lazima alijue gari lake."

Imeniuma. Naandika hivyo hivyo, imeniuma. Ya Redio niliimeza, Redio ni Redio. Lakini hii alikuwa na nafasi ya kusema kweli na hakuna aliyekuwa amemnyonga.

Nikasimama mlangoni. "Mikono ipi?"

Akashtuka. Nikamwonyesha yangu. Kucha nyeusi, gumba limechubuka, kidole cha shahada kina plasta. Nikamwambia aonyeshe yake.

Hakuonyesha. "Nikisema ni mke wangu," akasema, "watanicheka, mama."

"Na usiposema, nitakucheka mimi."

Nimerudi kwenye kola ya yule mteja. Nimeshona mshono umepinda kweli kweli, si unywele, kidole kizima. Alipita, akauona, akapita.

Jumanne, 11 Machi

Leo amejipikia yai mwenyewe.

Ameliosha gari mara mbili. Ameniambia, kama anaongea na ndoo, kwamba ile mashine ya ofisini inalinganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Moja likishika zaidi ya mwenzake kupita kiwango, gari halipiti, hata kama yote yanashika. Na ile mikwaruzo kwenye diski inaweza kuleta tofauti.

Basi ni kama mikono ya shati. Ikipishana, ukilivaa tu, kila mtu anaona.

Ni saa sita usiku sasa, na usingizi haujaja.

Jumatano, 12 Machi

Ofisi ya ukaguzi, kwenye benchi. Sikutaka kuja. Alisimama mlangoni tangu saa moja na shati alilopiga pasi mwenyewe, kola imepigwa upande mmoja tu, akasema, "Twende wote." Si ombi, si amri. Nimechukua mkoba na daftari hili. Kuandika kunanituliza.

Banda kubwa, sakafu ya mafuta, magari matano mbele yetu. Kila mtu anamjua. Wakaguzi wawili wamemwita mkuu. Makarani wamechungulia dirishani. Na mafundi! Yule wa mzunguko yupo, ameleta lori. Yule wa nyuma ya soko yupo. Wamemwona amesimama kwenye foleni na fomu mkononi kama raia yeyote. Wamesogea karibu. Hawajaleta viti, wamekaa juu ya matairi.

Gari lililotangulia limekataliwa sasa hivi. Breki za mbele, kushoto na kulia zimepishana. Fundi wake amejitetea, na yule binti mkaguzi amemsikiliza kwa adabu, amempa karatasi nyekundu. Binti mfupi, sauti ndogo, hakuna anayembishia. Mume wangu alimfundisha vizuri mno.

Zamu yetu. Binti amemsalimia, shikamoo mkuu, na bila kupumzika ameanza. Taa, sawa. Honi, sawa. Wipa, sawa. Ameingia kwenye shimo lililo chini ya gari na tochi. Amekaa huko muda mrefu. Muda mrefu sana!

Ametoka. Ameuliza kitu kuhusu diski za nyuma, namwona anachora mduara hewani kwa tochi. Mikwaruzo. Ameiona. Sasa ameonyesha mstari kwenye fomu, sauti yake imenifikia: pedi za nyuma ni mpya, kwa hiyo fundi aliyezifunga lazima aandike jina na atie sahihi kabla gari halijapanda kwenye mashine. Likikataliwa, ni huyo anayeitwa.

"Fundi ni nani, mkuu?"

Yule wa mzunguko amesimama kabisa juu ya tairi lake asikie.

Mume wangu ameangalia fomu. Mgongo ameunyoosha, najua unamuuma akiunyoosha hivyo. Amegeuka, amenitafuta, amenyoosha mkono mzima kuelekea benchi hili.

"Fundi ni yule pale mwenye daftari," amesema, kwa ile sauti yake nene ya ofisini. "Mke wangu. Mimi nilikuwa kwenye kiti."

Kuna aliyecheka. Wawili. Yule wa nyuma ya soko anajipiga paja. Mume wangu hajageuka kuwaangalia, masikio yamemwiva, lakini mkono haujashuka bado.

Sijui nifurahi au nikimbie! Hii ni heshima, au ananitoa kafara? Zikishika sawa ni heshima, zikipishana ni kesi, na jina ni langu. Gari halijapanda mashine. Binti anakuja huku na ubao wake. Mafundi wanamfuata nyuma yake, wote, waione sahihi ya huyo fundi. Ameniuliza kama nina kalamu. Ninayo, ndiyo hii ninayoandikia, na sasa naihamishia kwenye fom—